Nayaweza mambo yote, lakini mambo yapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme machache kuhusu aya moja ya Biblia ambayo siku hizi naikuta kwenye vioo vya daladala, kwenye pikipiki za bodaboda na hata juu ya milango ya maduka: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Sina ugomvi na walioiandika huko. Kinachonisumbua ni namna inavyohubiriwa, kana kwamba Mtume Paulo alikuwa akituahidi nyumba, gari na biashara isiyokwama, ilhali maneno hayo aliyaandika akiwa kifungoni, katika barua ya kuwashukuru Wakristo wa Filipi kwa msaada waliomtumia kwa mkono wa Epafrodito, ndugu ambaye katika utumishi huo aliugua hata akawa karibu na kufa.

Aya hiyo ni ya kumi na tatu katika sura ya nne ya barua hiyo kwa Wafilipi. Aya mbili kabla yake Paulo anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, kisha anazitaja hali zenyewe: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Hayo ndiyo mambo anayoyaweza. Njaa imo humo, na shibe nayo imo, kwa kuwa kushiba bila kuharibika pia kunahitaji nguvu za Kristo, kama anavyojua kila aliyewahi kupokea fedha nyingi kwa mkupuo. Nalipenda sana neno hilo, radhi, ambalo wafasiri wetu walilitumia. Ni lile lile tunaloliomba kwa wazazi wetu kabla hawajafumba macho. Mwenye radhi za wazazi huenda hana shamba wala nyumba, lakini usingizi anaupata.

Nayasema haya nikiwa mwalimu mstaafu niliyelipa ada ya somo hili. Nilipopokea kiinua mgongo nilialikwa kwenye mkutano mmoja wa maombi mjini, nikaambiwa nipande mbegu nami nitavuna mara saba, nikatoa fedha nilizokuwa nimezitenga kwa ajili ya kuezeka nyumba. Mavuno hayakuonekana. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba imani yangu ilikuwa haba, yaani aliyepoteza ndiye mwenye hatia. Mke wangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo lilinichoma kuliko lawama. Karibu mwaka mzima nilikwenda ibadani kwa mazoea tu, na kwenye kwaya nilikuwa nikifungua mdomo bila kuimba.

Kilichonirudisha hakikuwa mkutano mwingine. Ulikuwa mnada wa baada ya ibada, ambao Walutheri wenzangu wanaufahamu vizuri: asiye na fedha huleta ndizi, kuku, maharage au mayai, na vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa mpaka jua linakuwa kali. Katika usharika wetu yupo bibi mmoja mjane ambaye huleta mayai matatu. Bei ikipanda hucheka kwa sauti kuliko watu wote uwanjani, na mara nyingi anayeyanunua humrudishia mayai yale yale akapike. Nilimtazama Jumapili nyingi kabla sijang'amua kwamba bibi huyu hangoji kurudishiwa mara saba, wala mara moja. Alikwisha kushangilia tangu alipoyatoa kwenye kiota.

Wazee wa uamsho wa Afrika Mashariki waliijua furaha ya namna hii. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala, wakasoma Neno na kuomba pamoja, na katika miaka iliyofuata uamsho ulienea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Walioguswa waliungama mbele za watu, wakalipa madeni na kurudisha vitu walivyoviiba, ndipo wakaimba "Tukutendereza", yaani "Tunakusifu" kwa Kiganda. Zakayo naye alifuata utaratibu huo, alipotamka kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Sisi tumeugeuza: tunaimba kwanza, kwa vipaza sauti vikubwa, na madeni yanangoja.

Najua wapo watakaosema kwamba kuwahubiria watu kuridhika ni kuwafunga midomo maskini, na hoja hiyo siidharau, kwa sababu nimewasikia waajiri wakimnukuu Paulo kwa vibarua ambao hawajalipwa. Hao wasome pia Waraka wa Yakobo, unaosema kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele. Tena wamtazame Paulo mwenyewe katika mji ule ule wa Filipi. Alichapwa bakora bila kuhukumiwa, akafungwa miguu kwenye mkatale pamoja na Sila, na usiku wa manane wakawa wanamwimbia Mungu huku wafungwa wengine wakiwasikiliza. Kulipokucha, makadhi, yaani mahakimu wa mji, walipotuma watu wawaachie kimya kimya, Paulo alikataa kutoka, akataka makadhi wenyewe waje wawatoe, kwa kuwa walikuwa wamewapiga hadharani hali wao ni raia wa Roma. Makadhi wakaja, wakawasihi. Aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki yake asubuhi, na sioni kwamba wimbo ulimpunguzia ujasiri. Isitoshe, baada ya kusema anayaweza mambo yote, aya inayofuata anawaambia Wafilipi kwamba walifanya vema kushiriki naye katika dhiki yake. Radhi yake haikuwaondolea wenzake wajibu wa kumletea chakula.

Kwa hiyo ombi langu kwa wachungaji, na kwa wahubiri wa mikutano hasa, ni dogo. Kila watakapoisoma aya ya kumi na tatu mbele ya watu, waanzie ya kumi, wafike ya kumi na nne, kabla kapu la sadaka halijapitishwa.

Mzee wa Kanisa,
Moshi Vijijini