Wiki ya Mzee wa Julai

Mto Dee, Uskoti
Mwisho wa Septemba

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, hofu ni kwako, maana uliponiandikia mara ya mwisho mguu ulikuwa kwenye plasta, nami nikanyamaza kama niliyemezwa na mamba. Niwie radhi. Msimu haukunipa nafasi ya kushika kalamu, na leo nimeishika kwa kuwa nina shida, kama ilivyo kawaida yetu. Mwalimu kaniambia bado unawaandikia watu barua za kuomba kazi na za kuvunja uchumba. Basi ninayo moja ngumu kuliko zote hizo.

Mto unafungwa kwa uvuvi wa samaki aina ya samoni tarehe 15 Oktoba. Kabla ya hapo mwenye mto anataka niwe nimeshawaandikia wageni wa mwakani. Hapa mgeni anakodi wiki nzima ya kuvua, na wiki ileile inamrudia kila mwaka mpaka anaizoea kama kiti chake cha sebuleni. Yuko mzee mmoja ana wiki ya tatu ya Julai, aliyoirithi kwa baba yake. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwambia kwamba wiki hiyo haipo tena.

Haijauzwa. Imeharibika.

Mto huu unaanzia juu kabisa kwenye milima ya Cairngorm, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Wazee wa kazi wananiambia zamani theluji ilikuwa ndiyo tangi la mto: inayeyuka taratibu, na maji baridi yanaendelea kushuka mpaka kiangazi kimeingia. Siku hizi theluji inaanguka kidogo, inaondoka upesi, na Julai ninatembea katikati ya mkondo maji yakiwa hayajafika gotini. Maji yakiwa machache, jua halina kazi kubwa kuyapasha. Yakipata joto, hewa ya samaki inapungua. Ndiyo hesabu yote. Ninayo themomita niliyoifunga kamba, naichovya chini ya daraja asubuhi, adhuhuri na jioni, na ikisoma nyuzi 20 nawaambia wageni wakunje mishipi. Wanaponitazama hapo, wewe! Mtu kalipia wiki, kasafiri, kavaa suruali ya mpira mpaka kifuani, halafu gili (ndiyo jina la kazi yangu ya kuwaongoza wavuvi mtoni, si “yaya wa matajiri” kama unavyopenda kuniita) anamwambia nenda kalale.

Mwaka huu niliwahamishia alfajiri. Saa kumi na moja tuko mtoni, saa nne tumemaliza. Mzee alilalamika kuhusu kifungua kinywa siku mbili mfululizo, ya tatu akanyamaza. Siku hiyo ya tatu ndiyo inayonisumbua.

Saa nne kasoro nilipima, 19. Akaniomba atupe mara moja tu. Nikamwacha. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto, ningefanyaje? Ile mara moja ikawa kumi, na ya kumi samoni akashika. Jike, kama kilo nne. Mzee mikono yake si ya zamani, kamvuta muda mrefu mno, nami nimesimama na wavu namwombea dua, sijui yeye au samaki. Alipofika nilimtoa ndoana akiwa ndani ya maji, haina shida, meno ya ndoana tumeshayasaga. Kwetu kila samoni anarudishwa. Nikamshika mkia, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, nikangoja. Kawaida unamsikia anajikaza kiganjani, halafu anakuponyoka. Huyu alilala ubavu. Nikamnyoosha, akalala tena. Zaidi ya robo saa nimeinama, mgongo unaniuma, matamvua yakifunguka polepole kama mtu anayetafuta neno. Mwishowe akaondoka. Mzee akavua kofia.

Kesho yake, vilindi viwili chini ya pale, nikamkuta samoni jike amekwama kwenye changarawe, tumbo juu, macho yameshachukuliwa na ndege. Kilo nne hivi.

Siwezi kuapa kwamba ni yuleyule. Nilimpasua. Mayai yalikuwa bado madogo, kama punje za ulezi. Samoni akishaingia mtoni kutoka baharini hali tena, anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo mpaka Novemba au Desemba, atakapochimba changarawe kwa mkia na kutaga. Kwa hiyo nguvu unazommalizia Julai ni za yale mayai. Nilimzika. Mzee sikumwambia, mpaka leo.

Nisikuchoshe kwa huzuni. Wapo na samoni wa waridi, wale madume wenye kibiongo, asili yao Pasifiki. Warusi waliwapandikiza kwenye mito yao ya kaskazini, na tangu 2017 wanatutembelea hapa kila mwaka wa witiri bila kualikwa. Mgeni mmoja alimpata mmoja akanyanyua mikono kama kashinda kombe. Ilibidi nimweleze kwamba huyo ndiye pekee tusiyemtaka.

Kingine ni miti. Vijito vya juu vinapandwa mierebi na misonobari ili maji yapate kivuli, lengo likiwa miti milioni moja ifikapo 2035. Nimechimba mashimo mpaka viganja vikaota sugu. Kulungu wanaitafuna, tunaweka uzio, wanaruka uzio. Mti niliopanda mwaka huu hautatia kivuli katika wiki ya mzee huyu. Yeye ana miaka themanini na mbili.

Ninachotaka kumpa ni wiki ya mwisho ya Aprili. Maji ni baridi, samoni wa majira ya kuchipua, wale waliouletea Dee jina, ndio wanapanda, na samaki atakayemwachia ataondoka kama mshale. Lakini Aprili upepo unakata masikio, na magoti yake... Halafu kuna lile daftari. Baba yake alianza kuliandika, yeye akaendeleza: tarehe, kilindi, uzito, kina cha maji. Kila mwaka ananifungulia, kurasa zote ni Julai. Nililitazama vizuri safari hii. Hakuna hata mstari mmoja wa joto la maji. Baba mtu hakuwa na sababu ya kulipima.

Mwenye mto yeye anasema niandike mistari mitatu ya heshima na bei mpya. Ni kweli biashara inambana: mwaka 2023 samoni waliovuliwa kwa fimbo ya mshipi Uskoti nzima walikuwa wachache kuliko mwaka wowote tangu hesabu zianze kuwekwa 1952, na wageni wanasoma magazeti. Lakini mistari mitatu, kwa mtu wa miaka yote hiyo? Nimeshachana karatasi nne.

Sasa nisaidie. Wewe ungeanzia wapi, kwa Aprili au kwa Julai? Nimtajie yule samaki wa kwenye changarawe, au nitakuwa namtwisha mzee mzigo ambao ni wangu, maana mimi ndiye niliyekuwa na themomita? Akisema atakuja Julai hivyohivyo, akae tu ukingoni bila fimbo, nimtoze? Na mguu wako je, plasta imetoka? Shemeji bado amekununia? Ni kweli Mwalimu kauza ile boti, au ni maneno yake?

Kesho Jumapili. Sheria ya hapa hairuhusu kuvua samoni Jumapili, kwa hiyo nitakuwa nyumbani kutwa. Piga.

Wako,
yaya wa matajiri