Malalamiko: Mama yangu kunyang'anywa sahani kwa sababu alikula kwa mkono

Kutoka kwa mteja wa meza namba 7,
Chumbageni, Tanga.

Kwa Meneja,
Tawi la Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: KUDHALILISHWA KWA MAMA YANGU MEZANI KWENU, JUMAMOSI USIKU

Salamu. Naanza na salamu kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, na aliyenilea hivyo ndiye barua hii inayemhusu. Hali yetu nyumbani si njema tangu Jumamosi.

Mgahawa wenu unauza vyakula vya Asia, na masharti ya huduma yenu mnayajua. Mmeyabandika ukutani karibu na kaunta, na la kwanza linasema mgeni aheshimiwe. Naandika kuhusu yaliyompata mama yangu, mwenye miaka 67, saa mbili na nusu usiku, kipande cha dosa, ile chapati nyembamba ya Kihindi, kikiwa bado vidoleni mwake.

Msimamizi wenu wa zamu, yule kijana wa shati jeusi, alikuja mezani kwetu akasimama upande wa kulia wa mama. Hakumwamkia. Mtu wa umri wa bibi yake, na neno shikamoo halikumtoka. Alisema, "Mama, hapa si shughulini. Hapa watu wanakula kistaarabu." Kisha akaivuta sahani. Aliivuta, Ndugu Meneja, mkono wa mama ukiwa ndani yake. Mchuzi wa dengu ukamwagika mezani na kwenye mtandio wake. Akaweka uma na kisu mahali ilipokuwa sahani, akasema ataileta tena mama "akiwa tayari".

Mama akamjibu, "Samahani mwanangu."

Mama aliomba radhi. Yeye.

Sasa nieleze tulifikaje hapo, maana nikiishia hapa mtasema tulikuja na ugomvi. Mpwa wangu wa miaka tisa aliona kwenye simu vitamutamu vya Kijapani vinavyoitwa mochi, vile vya mchele wa kunata uliotwangwa mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto. Akawa kila siku anamuuliza bibi yake kama anaweza kuvipika. Mama ni mpishi wa shughuli. Amepikia harusi, hitima na maulidi Ngamiani kwa zaidi ya miaka thelathini, na hajawahi kumwambia mtoto hapana kwa habari ya chakula. Akasema, twendeni tukaonje kwanza, nikionja nitajua. Yeye ndiye aliyetaka kuja. Alivaa mtandio wake wa Idi. Tulikuwa watano: mama, kaka yangu, wapwa wawili na mimi.

Na kwa nusu saa ya mwanzo alifurahi. Hili naliandika kwa sababu linaniuma zaidi kuliko mengine. Dosa ilipokuja, ndefu, imekunjwa, kahawia pembeni, aliinusa akasema hiki ni ndugu yake kibibi. Nikamweleza ni mchele na dengu, huroweka, wakasaga, wakauacha unga uchachuke usiku kucha. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na jamaa yake wa mbali. Watoto walipoletewa ile chai ya maziwa yenye lulu nyeusi chini ya bilauri, alitoa lulu moja kwa kijiko, akaibana kwa meno ya mbele, akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni wanga wa muhogo, watu wa Taiwan ndio waliobuni chai hiyo. Akacheka mpaka akajifuta macho. "Muhogo huuhuu wa Pongwe?" Muhogo huuhuu, mama. Ndiyo furaha mliyoikata.

Kabla ya kula alitaka kunawa. Mhudumu alituambia sinki ni la wafanyakazi, wateja watumie karatasi zenye unyevu. Mama akasema karatasi hainawishi mkono. Akaenda chooni, akanawa kwa sabuni, akarudi mikono ikidondoka maji, akasema Bismillahi. Kwa hiyo yeyote kati yenu atakayetaja usafi akumbuke kwamba pale mezani mikono iliyonawa ilikuwa ya nani.

Ndugu Meneja, hivi mnavijua vyakula mnavyoviuza? Dosa ni chakula cha kusini mwa India, na huko huliwa kwa mkono wa kulia, pengine juu ya jani la mgomba. Unamega, unachovya kwenye chatini ya nazi, unakula. Uma unaipasua tu. Sushi mliyoiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa menyu, ile ya wali uliofinyangwa na kipande cha samaki juu, ilikuwa chakula cha vibandani katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Watu waliichukua kwa vidole na kuila wakiwa wamesimama, na mpaka leo Mjapani akiila kwa mkono hakuna anayemtazama. Wali wa kunata wa kaskazini mwa Thailand hufinyangwa tonge kwa vidole kisha ukachovywa, kama sisi na ugali. Hata vijiti mlivyovipanga kwenye kila meza, Wathai wenyewe huvitumia zaidi kwa tambi. Wali wao wa kawaida, usio wa kunata, huula kwa kijiko. Mama yangu peke yake, katika ukumbi mzima, ndiye aliyekuwa anakula dosa kama inavyoliwa kwao. Aliyehitaji kufundishwa alikuwa ni yule aliyemnyang'anya sahani.

Na huo ustaarabu aliousema ni upi? Mimi nimezaliwa mji huu. Nyumba za Barabara ya Kumi na Nane mpaka Raskazone, Mdigo, Mbondei, Msambaa, Mwarabu, Mhindi, sijaona hata moja ambamo mkono wa kulia ulionawa unaitwa ushenzi. Majirani zetu Wahindi wa mjini, ambao mama amewapikia biriani na wao wakamletea kachori kila Ramadhani, wangeona haya kusikia maneno hayo yametamkwa chini ya picha za vyakula vya kwao.

Nirudi kwenye meza namba 7, maana kila nikijaribu kuendelea mbele akili inarudi pale.

Sahani ilipoondoka, mkono wa mama ulibaki hewani. Nataka muuone. Vidole vitatu vimekutana, kipande kidogo cha dosa kati yake, chatini ya nazi inatiririka kwenye kidole gumba kuelekea kwenye kiganja. Kwenye kidole cha shahada ana alama nyeupe ya moto, aliipata akipakua pilau la watu mia nne. Hakujua aupeleke wapi ule mkono. Hakukila kile kipande. Hakukiweka chini. Aliuteremsha polepole chini ya meza, akaufunika kwa mtandio, ule wa Idi, mafuta na yote. Meza ya jirani walikuwa vijana wanne, mmoja alikuwa ameshainua simu. Msimamizi wenu alimwona anarekodi na hakumkataza. Ndipo mama akasema samahani mwanangu, kwa sauti ya chini, akimtazama usoni kijana ambaye hata macho yake hakumpa. Na mpwa wangu mdogo, wa miaka sita, akauliza mbele ya wote, "Bibi, kwani mkono wako mchafu?"

Hakuna aliyemjibu mtoto. Mimi nilishindwa. Kaka yangu alisimama, na mama ndiye aliyemshika shati akamketisha kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umefichwa.

Siyo hayo tu. Kabla hata chakula hakijaja niliuliza maswali mawili. La kwanza: kuku wa teriyaki, ule mchuzi wa Kijapani, ana mirin ndani? Mirin ni kileo cha mchele, ile halisi ina kilevi cha kama asilimia 14, na sisi ni Waislamu, na ukutani mmeandika Halali kwa herufi za kijani. La pili: ile jeli ya matunda ya watoto imegandishwa kwa nini, kwa jelatini ya mnyama, na kama ni mnyama ni yupi, au kwa agari inayotokana na mwani? Mhudumu, ambaye simlaumu maana alikuwa binti mdogo na alionekana ana hofu, alikwenda jikoni akarudi na jibu kwamba "haina shida". Hilo si jibu. Tuliviacha vyote viwili. Lakini wangapi wamekula baada ya kuambiwa haina shida?

Mochi, tulizoziendea, hazikuja kabisa. Kwenye bili zimo, shilingi 12,000. Bili nzima ni 108,900, na ndani yake 9,900 mmeandika ni huduma. Huduma gani? Nilipoomba risiti ya mashine nikaambiwa mashine mbovu, nikapewa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu. Nimekitunza. Nililipa yote, kwa sababu mama alikuwa ameshasimama mlangoni anasema twende, lipa, twende.

Jumatatu nilipiga simu ofisini kwenu mara tatu. Mara ya tatu alipokea mwanamke, akasikiliza vizuri, kisha akasema nitumie malalamiko kwenye namba ya matangazo mtanipatia punguzo la asilimia 20 kwa ziara ijayo. Punguzo! Sikupiga simu kununua.

Nilipokaa kuandika nilikuwa nataka jambo moja tu, msamaha. Bado nautaka, na nautaka hivi: wewe Meneja na yule msimamizi mje nyumbani, mumwamkie mama kama wakubwa wanavyoamkiwa, na yeye mwenyewe kijana atamke kwa kinywa chake alichokosea. Hautaletwa kwa ujumbe wa simu, wala kwa kadi.

Nataka pia fedha zangu, 108,900 kamili. Mwanzoni nilifikiria mochi na hiyo huduma tu. Sasa nataka zote.

Nataka video iliyopigwa ndani ya ukumbi wenu, mbele ya mfanyakazi wenu, mfuatilie mumpate aliyeirekodi na mumwombe aifute. Kamera zenu za mlangoni zinamwonyesha.

Na nataka sinki la wateja, lenye sabuni, ndani ya ukumbi. Muweke na tangazo, kubwa kama lile la Halali, kwamba mtu anakaribishwa kula kwa mkono. Nalo hilo la Halali, mliondoe mpaka mtakapoweza kumjibu mteja kilichomo kwenye mchuzi na kwenye jeli.

Nawapa siku saba kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita, kile kipande cha karatasi nitakipeleka kwa watu wa mapato, ofisi ya TRA hapa Tanga, wao watajua mashine yenu imeharibika tangu lini. Habari ya mirin na jeli nitaipeleka baraza la Waislamu, BAKWATA, na shirika la viwango, TBS. Ya kutozwa chakula ambacho hakikuletwa nitaiandikia Tume ya Ushindani. Nakala za barua hii ninazo nne. Na msidhani mama ni mtu wa peke yake: wapishi wa shughuli mji huu wanajuana wote, kutoka Makorora mpaka Mikanjuni, na kila Jumamosi mmoja wao yuko mbele ya watu mia tatu. Mpaka leo mama amenikataza nisiwaambie. Siku ya nane sitamuuliza tena. Wenyewe tunasema Tanga, waja leo waondoka leo. Mmekuja juzi.

Jana mchana nilimpelekea mama wali na samaki wa kupaka, chakula anachokipenda kuliko vyote, samaki mwenye miba, ambaye hakuna namna ya kumla ila kwa vidole. Alinawa. Akakaa. Akautazama mkono wake, kisha akaniambia, "Mwanangu, niletee kijiko."

Nilikwenda jikoni nikakaa huko kwa muda kabla sijaweza kurudi.

Mama huwa nyumbani baada ya swala ya alasiri, siku zote isipokuwa Ijumaa. Mkija, msije na mpiga picha.

Wenu,

Binti yake,
mteja wa meza namba 7.