Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Shughuli za mwaka mnazijua: vikao 10, darasa la kusoma Kigothi, lugha ya Kigermaniki iliyokwisha kufa, na orodha yetu ya maneno ya Kigermaniki (jamii ya lugha yenye Kijerumani) na Kikelti (jamii yenye Kiayalandi) iliyofika maneno 320. Sitazirudia.

Naomba nikae zaidi kwenye jambo lililotugawa. Mwezi Machi niliyatoa maneno Reich (milki), Amt (ofisi) na Eisen (chuma) ya Kijerumani katika orodha ya maneno ndugu, yaani yaliyorithiwa na jamii zote mbili kutoka lugha mama moja, nikayapeleka kwenye maneno ambayo Kigermaniki kiliyaazima kwa Kikelti. Nimeambiwa nilijichukulia mamlaka. Kamati iliitishwa mara tatu, mara zote akidi haikutimia, na mpiga chapa alikuwa akingoja.

Mwenye shaka alitazame Reich. Mzizi wake wa kale ulikuwa na e ndefu, na Kilatini kimeitunza katika rex, mfalme. Kikelti ndicho kilichoigeuza kuwa i: ndiyo rí, mfalme, ya Kiayalandi, ndiyo -rix katika jina la Vercingetorix, kiongozi wa Wagalia, Wakelti wa Ufaransa ya kale. Kigermaniki hakina desturi hiyo. Basi i ya reiks ya Kigothi, mtawala, neno ndugu la Reich ambalo ei yake husomwa i ndefu, imetoka wapi kama si kwa jirani Mkelti? Tena g ya mzizi ule imekuwa k katika reiks, yaani neno liliingia kabla ya yale mageuzi ya konsonanti za Kigermaniki, kama g kuwa k na p kuwa f, aliyoyaeleza mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm mwaka 1822. Amt nalo linarudi kwenye ambactos, mtumishi wa mkubwa kwa Wagalia, neno aliloliandika Julius Caesar, jemadari wa Roma, mwenyewe.

Ndugu wa damu ni Fisch ya Kijerumani na iasc ya Kiayalandi, yaani samaki, na Vater (V husomwa f) na athair, yaani baba. Kwa sura hayafanani, lakini p ya kale iligeuka f upande wa Kigermaniki na kupotea kabisa upande wa Kikelti. Kufanana tu si undugu: neno letu kitabu linafanana na kitab la Waarabu kwa kuwa tuliliazima, wala hakuna kati yetu asemaye Kiswahili na Kiarabu vimezaliwa tumbo moja. Kazi hii niliifanya usiku, kwa vitabu nilivyonunua mwenyewe, na sitayarudisha maneno hayo.

Linaloniumiza ni mahudhurio. Tuko 46, waliolipa ada ni 19, na Novemba tulikaa watu 5 katika ukumbi wa kulipia. Waliopinga uamuzi wangu kwa barua hawakuja hata kikao kimoja kuujadili.

Mwakani, Mungu akijalia na ada zikipatikana, tunatarajia orodha itoke, na pengine tuanze Kiwelisi, lugha ya Kikelti ya Welisi.