Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: kutoka uwanja wa ndege hadi stendi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Yah: Usafiri wa umma kati ya Uwanja wa Ndege wa Mwanza na stendi za mabasi ya mikoani

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni mkazi wa Geita, na mwaka huu nimempeleka mama yangu Dar es Salaam mara tatu kwa matibabu, kwa ndege, kwa kuwa mgongo wake hauwezi tena safari ya basi ya kutwa nzima. Nakuandikia wewe kwa sababu jambo hili lina wenyewe wengi: uwanja uko wilaya ya Ilemela, stendi ya Nyegezi iko wilaya ya Nyamagana, leseni za njia za daladala hutolewa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, na abiria anayeshuka na mabegi yake hajulikani ni wa nani kati yao.

Uwanja uko kaskazini mwa jiji, na Nyegezi, tunakopandia mabasi ya Sengerema, Geita na Bukoba, iko kusini, hivyo hatuna budi kulivuka jiji lote kupitia Pasiansi, Kirumba, mjini kati, Mkuyuni na Butimba. Safari iliyopita tulitua saa kumi alasiri. Dereva wa teksi wa kwanza alitaja bei iliyozidi nauli za basi za watu wawili hadi Geita, na wa pili akataja hiyohiyo kabla hata hatujamwambia tunakwenda wapi. Tukatoka kwa miguu hadi barabarani. Konda wa daladala alitutazama, akayatazama mabegi, akasema begi kubwa linalipiwa siti. Nikalipa, nikikiri moyoni kwamba ana haki kidogo, maana hais hazina mahali pa kuweka mizigo ya namna hiyo. Mjini tukabadili gari, begi likalipiwa tena. Tulifika Nyegezi jua limekwisha kuzama, tukiwa tumetumia muda mrefu zaidi ndani ya jiji kuliko angani, na mpigadebe mmoja tayari alikuwa amemshika mama mkono akimvutia kwenye basi la Kahama.

Zamani tungelaumu pantoni ya kuvukia Ziwa Victoria kwenda Geita. Lakini tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lizinduliwe tarehe 19 Juni 2025, pale tulipokuwa tukipanga foleni tunapita kwa dakika chache, na kinachotuchelewesha sasa ni kipande cha kabla ya Nyegezi. Wenzetu wa Magu, Bunda na Musoma nao wanazungushwa mjini, ingawa stendi yao ya Nyamhongolo iko Ilemela hiyohiyo na kuna barabara ya Sabasaba, Kiseke na Buswelu ambayo ingewafikisha bila kuingia katikati ya jiji.

Ninachoomba ni uwakutanishe wahusika ili zianzishwe njia mbili, moja kutoka uwanjani hadi Nyegezi na nyingine hadi Nyamhongolo kupitia Buswelu, zitumie Kosta zenye buti badala ya hais, abiria wapandie ndani ya eneo la uwanja, na nauli ibandikwe mahali inaposomeka, ya begi ikiwa pamoja nayo. Gari la mwisho lisiondoke kabla ya abiria wa ndege ya mwisho kutoka nje na mizigo yao. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, anayetua saa mbili usiku hana sababu ya kulala gesti ikiwa anaweza kuiwahi stendi.

Najua nitaambiwa abiria wa ndege ni wachache mno kujaza Kosta. Ni kweli, lakini njia hiyo inapita Pasiansi na Kirumba, ambako watu hawakosekani, na wafanyakazi wa uwanja nao hurudi nyumbani kila siku. Wala siombi teksi ziondolewe: mwenye haraka na mwenye uwezo ataendelea kuzipanda, na madereva wale nao wana watoto wanaosoma.

Mama anatakiwa kurudi kliniki mwezi wa kumi na moja. Kikiitishwa kikao kabla ya hapo, niko tayari kuja kueleza haya mwenyewe, kwa nauli yangu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Geita