"Mama umeme umekata!" (kumleta mtoto mdogo sinema kwa mara ya kwanza)

Kila Jumamosi asubuhi hapa ukumbini kwetu taa zikishuka lazima kuna mtoto mmoja atapaza sauti, "mama umeme umekata!" na watu wazima wote wanacheka. Na mimi nilikuwa nacheka, tena sana, mpaka siku moja nimekaa kule juu kwenye chumba cha projekta nikajiuliza hivi huyu mtoto kakosea wapi? Kwao taa ikizimika na tivii inazimika, feni inasimama, mama anapapasa kutafuta simu awashe tochi. Hapa taa zimezimika alafu tivii kubwa kuliko ukuta wa nyumba yao ndo kwanza inawaka, inaongea kwa sauti inayotikisa kifua, na mama mwenyewe amekaa kimya anatabasamu kama hakuna kitu. Hata mimi ningelia.

Sasa naandika hii kwa sababu wasapu yetu ya biashara imejaa maswali mawili tu. La kwanza, "mwanangu ana miaka miwili na nusu, ataweza kukaa mpaka mwisho?" La pili, "leo tumetoka dakika ya kumi, hela yetu inakuwaje?" La kwanza nalijibu hapa hapa: hakai, na wala usimlazimishe. La pili nitalifikia, vumilia kidogo.

Kwanza niseme mimi mwenyewe sio mtaalamu aliyezaliwa anajua. Mwanangu wa kwanza nilimpeleka sinema akiwa na mwaka mmoja na miezi minane, kwenye ukumbi mmoja mkubwa wa mjini, kabla hata sijawaza kufanya biashara hii. Tena onyesho la saa mbili usiku, tena la miwani ya 3D, yaani ujinga ule sijui niuite nini. Matangazo peke yake yalienda muda mrefu mpaka nikasahau tumekuja kuangalia nini, matangazo ya magari, ya simu, na vionjo vya filamu za kupigana, kwahiyo katuni yenyewe inaanza mtoto kashachoka na kashaogopa. Miwani ikamdondoka mara tatu maana kichwa chake kilikuwa bado kidogo kuishika, na bila miwani picha inaonekana mbili mbili. Ukaja mlipuko. Akanikaba shingo kwa kucha, akatoa ile sauti ambayo mama akiisikia maziwa yanataka kutoka yenyewe, na kijana wa tochi akaja kunimulika usoni, "dada, mtoto mtoe nje." Nikanyanyuka na mkoba, na chupa, na mtoto, na ndoo ya bisi, ndoo ikamwagika ngazi zote mpaka mlangoni. Baba yake akabaki ndani kumalizia, si tumeshalipia. Hilo ni la siku nyingine.

Miaka karibu miwili yule mtoto hakutaka kusikia neno sinema, na hapo ndo nilipojifunza kitu ambacho nawaambia wazazi wote pale dirishani: mara ya kwanza haujamleta kuangalia filamu, umemleta kuuzoea ukumbi. Filamu ataiona mara ya pili au ya tatu. Siku ya kwanza akikaa dakika ishirini, akaona giza haling'ati, akatoka bila kulia, hiyo siku imeenda vizuri sana na mzazi usiondoke na sura ya kupoteza.

Tuongee giza basi. Hatuzimi taa zote Jumamosi asubuhi, tunazishusha taratibu na zile za pembeni zinabaki zinawaka hafifu, kiasi kwamba mtoto anauona uso wa mama yake akigeuka. Na njooni mapema jamani. Mlango tunafungua saa tatu na nusu, onyesho saa nne, ile nusu saa sio ya kupanga foleni, ni ya mtoto kupanda na kushuka ngazi, kuona skrini ikiwa nyeupe haina kitu, kuuliza hiki nini hiki nini. Taa ndogo za kwenye ngazi ndo kivutio chao kikubwa kuliko filamu yoyote, kuna mtoto alikaa onyesho zima amechuchumaa ngazi ya tatu anaifunika taa kwa kiganja anaifunua, anafunika anafunua, na mama yake anamvuta "njoo uone simba!" Mama, muache. Nyumbani pia mnaweza kufanya mazoezi, jioni zima taa ya sebuleni mwache tivii inawaka, mwambie "leo tunacheza sinema", ili ajue kuna giza lingine ambalo sio la mgao.

Sauti ndo kitu ninachokibishania zaidi kwahiyo nitakaa hapa kidogo. Kule juu kuna kifaa cha sauti chenye namba kuanzia 0 hadi 10, na 7 ndo kipimo ambacho mafundi wa filamu wanachanganyia sauti studio. Kwenye 7 spika ya mbele inapimwa kwa desibeli 85 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), ila vile vishindo, mlango kubamizwa, mlipuko, ngoma, vina nafasi ya kupanda mpaka 105. Shida iko hapo hapo, mtoto anaweza akavumilia kelele ya muda wote, mbona harusini analala, kinachomuua ni mtu kunong'ona alafu ghafla PAAA. Tena tundu la sikio la mtoto ni dogo, sauti nyembamba kali zinamchoma kuliko zinavyotuchoma sisi. Kwahiyo Jumamosi asubuhi tunaweka 4, hapo umeshuka kama desibeli 10 na sikio linasikia kama sauti imekatwa nusu. Kuna baba alipanda mpaka mlangoni kwangu kulalamika kwamba ukumbi unalia kama redio ya mlinzi. Nikamwambia baba, onyesho lako ni la saa kumi na mbili jioni, karibu sana. Pia chagueni viti vya katikati kwenda nyuma, karibu na njia, msikae ukutani maana spika za pembeni zinamlia mtoto sikioni, na msikae mbele kabisa, pale picha ni kubwa mno mpaka shingo inauma. Kama una vile vya kuziba masikio vya watoto njoo navyo. Pamba usihangaike nayo, haizuii kitu cha maana.

Viti nako kuna kituko. Kiti cha sinema kinajikunja chenyewe, na sisi watu wazima hatujui kwamba ni uzito wetu ndo unakishikilia chini. Mtoto wa kilo 12 ukimsukuma nyuma mpaka mgongo uguse, kiti kinaanza kupanda polepole, magoti yanamjia usoni, mwisho kimemkunja kama chapati ya maharage na miguu inatokeza juu. Wengine wanacheka, wengine wanapata hofu ya mwaka mzima. Tuna mito ya kuinulia minane pale kwa dada wa tiketi, iombeni, ila siku ya kwanza mpakate tu. Chini ya miaka mitatu hatumlipishi akipakatwa.

Kula. Najua bisi ndo sinema yenyewe, na mimi bisi ndo zinanilipia umeme, kwahiyo ninachosema hapa kinaniumiza mfukoni: mtoto chini ya miaka minne asipewe bisi. Madaktari wa watoto wanazikataa kwa sababu ile ganda na ile punje isiyopasuka vinaweza kupita njia ya hewa, na kwenye giza, mtoto anacheka, amelalia mgongo mapajani kwako, hautaona ameanza kupaliwa. Karanga vile vile, na pipi ngumu, na zabibu nzima nzima. Vyakula vya kutoka nje huwa haturuhusu ila vya mtoto njoo navyo, ndizi mbivu, vipande vya chapati, biskuti laini, maji. Uji kwenye chupa sawa, ila tafadhali chupa isiyovuja, zulia letu limeshakunywa uji wa kutosha.

Na sweta! Mnatoka nje jua la Dar linapasua, mtoto kavaa fulana ya mikono mifupi, anakuja kukaa kwenye kiyoyozi. Nusu ya watoto wanaolia dakika ya thelathini hawajaogopa kitu, wanasikia baridi au wamejaza pampasi. Sweta na soksi, basi.

Choo sikukitegemea kabisa. Kuna binti mmoja alikaa vizuri, alipiga makofi, aliwaaga mpaka majina yanayopita mwishoni kwenye skrini, alafu akaenda kunawa mikono na ile mashine ya upepo ya kukaushia ikaunguruma juu ya kichwa chake. Kilio alicholia nilikisikia mpaka kule chumba cha projekta. Wiki iliyofuata walikuja akagoma mlango wa nje, sio kwa sababu ya filamu, kwa sababu ya choo! Tumeing'oa. Sasa hivi kuna karatasi za kujifutia.

Umri je? Mtoto chini ya mwaka mmoja na nusu mimi nitakwambia mrudishe nyumbani mkacheze, japo utakuwa umekuja na nauli yako. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, na kuanzia miaka miwili isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ndo vizuri zaidi. Ndo maana asubuhi haturushi filamu nzima ya saa moja na nusu. Tunaunganisha katuni fupi fupi, jumla dakika 45, katikati taa zinapanda dakika tano watu wanyooshe miguu, na hakuna matangazo mwanzoni, hata moja. Taa zikipanda ile katikati wanashangilia "umerudiii!", hiyo ndo sehemu yangu ninayoipenda.

Mnaogopa lugha, kwamba katuni nyingi ni za kiingereza mtoto hataelewa. Msimulie. Asubuhi kuongea kunaruhusiwa, sisi wote tumekulia vibanda umiza na kule kulikuwa na mtu mzima anatafsiri filamu nzima kwa sauti ya juu na tulikuwa tunaelewa kuliko waliokaa kimya. Ninachokataa ni simu. Mtoto akichoka usimwashie katuni nyingine kwenye simu humo humo ndani, ile taa ya simu inavuta watoto safu nzima, wanaacha skrini wanakuja kwako.

Haya, hela. Tiketi ya asubuhi ni shilingi 5,000 kwa mtu mzima. Mkitoka kabla ya mapumziko ya katikati, mwambie dada wa tiketi akugongee muhuri nyuma, Jumamosi yoyote ndani ya miezi miwili mnarudi na hiyo hiyo. Hatuulizi kwanini. Hela taslimu haturudishi, nisiwadanganye, ila muhuri hauna masharti, na kuna familia imegongewa mara tatu mfululizo, mara ya nne mtoto alikaa mpaka mwisho na baba mtu ndo alilala. Mlango wa nyuma hatuufungi kabisa ili anayetoka asipite mbele ya watu, na hakuna wa kukumulika tochi usoni.

Ombi moja tu kwenu. Watoto wakishazoea wanakimbilia skrini waguse, ni wote, hata wangu. Ile skrini ukisogea karibu ina matundu madogo madogo maelfu, spika ziko nyuma yake na sauti inapita humo, na rangi yake haifutiki kwa maji na sabuni kama ukuta. Tuna alama ya kiganja, vidole vitano, pale chini kushoto, kilikuwa kimeshika ndizi nadhani, na kila filamu ikiwa na anga ya bluu naiona. Washikeni mkono kwenye zile ngazi za mbele.