Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu,

Mwaka huu tulikutana mara 4 pale Ngara, tukaendesha mafunzo ya siku mbili kuhusu modeli za ngazi nyingi (hesabu za takwimu zinazotenganisha tofauti za mtu na mtu na zile za hali na hali), tukapokea wanachama 6 wapya. Hayo mnayajua.

Nije kwa lile linalonong'onwa: Sh48,000 za bando la simu tulizowapa washiriki wa utafiti wetu wa hulka, yaani tabia ya kudumu ya mtu. Nasikia eti mwenyekiti amegawia watu wa matatu pesa za chama. Sikukurupuka. Utafiti wetu ulikuwa umepangwa kwa hojaji moja, ijazwe mara moja, kila mtu apewe alama yake ya uchangamfu. Mimi ndiye niliyekataa. Tangu 1968 mwanasaikolojia Walter Mischel alipoonyesha kwamba alama ya hulka haibashiri vizuri mtu atakavyotenda katika hali moja, uwiano ukiwa 0.30 hivi (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili), hatuna kisingizio. Mwanasaikolojia mwenzake Seymour Epstein naye, mwaka 1979, akaonyesha kwamba ukichukua wastani wa siku nyingi, hulka inajitokeza. Wote wawili wanatudai kumpima mtu mara nyingi.

Basi tuliwauliza washiriki 40 kwa simu, mara 5 kwa siku, wiki 2. Kila mmoja bando la Sh1,200. Kuna kondakta wa njia ya Kawangware aliyeandika kwenye hojaji kuwa yeye ni wa wastani tu, 4 kati ya 7. Alfajiri, akining'inia mlangoni akiita abiria, alijipa 7. Jioni kwa wakwe, 1. Dereva wake ni kinyume: kazini kimya, nyumbani hakuna anayelala kwa vichekesho vyake. Naye wastani wake ni 4. Hojaji ingewaita pacha! Modeli yetu inatenga kinachotokana na mtu, kinachotokana na hali, na kinachotokana na mtu huyu katika hali ile. Hicho cha tatu hukitofautishi na makosa ya kipimo mpaka hali ile ile ijirudie. Bando lilienda huko.

Kamati ina watu 7. Siku ya kura tulikuja 4, akidi ikatimia, tukakubaliana. Wale 3 wanaolalamika leo walituma ujumbe kwamba kunanyesha.

Na tuizungumze hiyo mvua. Februari mlikuja 14 kati ya 63. Aprili, mvua, 11. Julai, kukavu kabisa, 12. Novemba, mvua tena lakini kukiwa na pilau, 44. Mvua haina hatia. Ada ya Sh2,000 wamelipa 22, deni ni Sh82,000; maana yake watu wasiopungua 22 walikula pilau ile bila kulipa. Majina ninayo, siyasomi.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tutatafuta mfadhili, na huenda tukapanua utafiti hadi miji mingine. Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti