Lile daftari langu la jalada la bluu

Mbagala,
19 Februari 2025

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku wazima, Salma kaota meno mawili ya juu na ananing'ata kama ananidai, bibi yake mguu umerudia kuvimba, mengine yale yale. Simu zako zote nimeziona. Kila nikitaka kupiga najua nitaishia kulia, basi naiweka chini. Leo nina shida, ndiyo maana umeniona.

Lile daftari langu la jalada la bluu, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, nililokuwa naandikia hesabu ya mashati niliyomshonea bosi, liko kwenye mzigo uliohamia nao Tanga. Nina hakika. Tulilifunga pamoja na vipimo vya wateja wako kwenye kile kitenge cha njano usiku wa mwisho, umeme umekatika, wewe unanigombeza namulika vibaya. Litafute, nakuomba.

Bosi kapiga simu. Juzi saa mbili usiku, sauti imejaa asali: "Fundi, umetususa?" Kapata oda ya kanzu na magauni ya Idi, anataka watu ambao mikono yao anaijua. Bei? Ile ile. Na pesa yangu ya mashati? "Njoo, tutayazungumza ukiwa kazini." Nikamwambia siji. Usidhani nilisema kishujaa. Nilisema kwa sauti ya kuku aliyenyeshewa, nikakata simu, nikakaa kitandani mikono inatetemeka utadhani mimi ndiye niliyeiba.

Tangu hapo nyumba imegeuka baraza. Baba Salma anasema kazi mbaya si mchezo mwema. Mama mkwe hasemi kitu, ila siku hizi ananipakulia kwa kunipimia. Msemaji ni wifi: "Wenye kodi ya nyumba hawasusi." Na hajakosea, ndilo linaloniuma. Mfungo umebakiza siku kumi hivi uanze, na hata sukari sijanunua.

Lakini mashati 412, Zuhura! Januari peke yake. Kwenye kitabu cha msimamizi yako 260. Hayo 152 yalikwenda wapi, yalijishona? Kwa 800 kila moja ni shilingi 121,600. Na hayo 260 yenyewe kanipa nusu ya pesa, nyingine "shule zikilipa". Bado kanikata sindano mbili, na kanikata kitambaa kizima cha lile shati la kola iliyopinda. Unalikumbuka? Wiki iliyofuata nimelikuta dukani kwake chini, limetundikwa, linauzwa bei ile ile kama wenzake. Kola imepinda vile vile. Nikasimama nalitazama mpaka kijana wa duka akaniuliza dada nikufungie.

Hujui pia kwamba baada ya wewe kuondoka tulikubaliana wote sita, pale kwa mama ntilie, hakuna kurudi mpaka alipe. Tulikula wali maharage kama watu waliokula yamini. Alipoanza kupiga simu zake, kesho yake asubuhi Mwantumu na Selemani wa ovaloki wako kwenye mashine. Nikampigia Mwantumu, nikamtolea yote ya moyoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwanangu yuko fomu wani na sketi anayo moja. Wako bado ananyonya." Mtu kashona sketi za shule msimu mzima! Nikakosa la kumjibu. Bado nina hasira naye, ila sasa sijui hasira yenyewe niiweke wapi.

Sasa daftari la nini. Yule shemeji yake Mwantumu aliyekuwa kiongozi wa TUICO, chama cha wafanyakazi, kiwandani (ndiyo, yule aliyekutaka) kanikalisha chini. Bosi si huwa anasema sisi si waajiriwa wake, ni mafundi wa kujitegemea? Basi iko Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61. Ukiwa umemfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi, miezi mitatu iliyopita, sheria inakuhesabu mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Hata vifaa vikiwa vyake inatosha. Saa 45 kwa mwezi! Sisi tulikuwa tunazimaliza kwa siku nne, na mashine zake, na funguo za choo anashika yeye.

Ninakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kule wanakoamua migogoro ya kazi. Hawatozi kitu. Unajaza Fomu namba 1, na kwa madai kama haya una siku 60. Mimi nahesabu tangu Jumamosi ile ya tarehe 25 alipotutolea yale maneno ya "shule zikilipa", kwa hiyo tarehe 26 Machi ikipita nami nimekwisha. Kinachonitisha ni kwamba nakala lazima apelekewe bosi mwenyewe. Nishike karatasi, nipande zile ngazi mpaka ghorofa ya tatu, Mwantumu ananitazama kutoka kwenye cherehani... Basi, nisifike huko kwanza.

Najua utasema Mungu atamlipa. Atamlipa, na mimi nilipwe.

Wewe deni lako ulilisamehe kweli, au ulichoka tu? Nikikuhitaji uje useme tulikuwa tunatoka saa ngapi, utakuja? Huko Tanga wanalipa kwa shati au kwa mwezi? Wanaandika mahali? Na niambie ukweli, usinionee haya: ungekuwa wewe, kanzu zile ungekwenda kuzishona?

Daftari mpe konda wa basi la asubuhi, nitalipokea Mbezi, stendi ya Magufuli. Lifunge kwenye nailoni, mvua zimeanza. Na kama wanao wameshachora humo, wasifute kitu, lilete hivyo hivyo.

Wako,
Mama Salma